Bustani Nyuma ya Jiko: Chungu Kwanza, Soko Baadaye

Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Nashika madaftari: la ubatizo, la ndoa, la zaka, na la watoto wanaojiandaa kupokea Komunyo ya Kwanza. Ni kazi ya kukaa kitini, lakini mtu akaaye kitini siku nyingi huona mambo ambayo apitaye njiani hayaoni.

Mwaka juzi nilikuwa nikiandika majina ya watoto wa mafundisho. Walipanga mstari mbele ya meza yangu, akafika mtoto mmoja wa kiume, mdogo, mchangamfu, mashavu yamejaa. Nikamwambia, "Wewe rudi kwa mama, uje baada ya miaka miwili." Mtoto akatazama chini. Katekista akaniinamia sikioni akasema, "Bwana Karani, hebu tazama daftari lako." Nikafunua daftari la ubatizo. Yule mtoto alikuwa ametimiza miaka tisa, na mwandiko ulikuwa wangu mwenyewe. Mimi nilikuwa nimemdhania wa miaka sita.

Hakuwa mgonjwa, wala hakutoka katika nyumba ya njaa. Baba yake namfahamu, ni mkulima hodari, kila msimu lori hupakia viazi mlangoni pake. Nilipofunga ofisi siku ile nilipitisha kidole katika orodha yote, mtoto kwa mtoto, nikilinganisha umri ulioandikwa na kimo nilichokiona kwa macho. Nilipofika jina la thelathini niliacha, maana nilianza kuwafikiria watoto wangu mwenyewe.

Jambo hili lina jina, nalo ni udumavu. Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye kimo chake ni kifupi mno kwa umri wake, kwa sababu mwili wake ulikosa chakula kinachofaa kwa muda mrefu, au uliuguaugua, tangu tumboni mwa mama hata akafika miaka miwili. Si mifupa tu inayobaki nyuma. Ubongo nao hujengwa siku hizo hizo. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika mkoa wetu wa Njombe nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa Tanzania nzima ni watoto 30 katika kila 100. Jirani zetu wa Iringa wametupita, wao ni 57 katika kila 100. Tena si habari ya mwaka mmoja, kwani utafiti wa mwaka 2015 na 2016 nao ulikuta karibu nusu ya watoto wa Njombe wamedumaa.

Sasa nenda kasimame Makambako, pale njia panda, ambapo barabara ya kutoka Njombe na Songea inakutana na ile iendayo Mbeya upande mmoja na Dar es Salaam upande wa pili. Tazama kinachopita. Viazi, kabichi, mahindi, maharage, parachichi, mbao. Magunia ya lumbesa yamevimba vichwani kama watu waliovaa vilemba, ingawa sheria ya vipimo imekwisha kuikataza lumbesa. Mgeni akiona malori yale atasema watoto wa nchi hii wanakula kama wafalme. Chakula kinatupita mlangoni, tunakipungia mkono.

Nilimwuliza muuguzi wa zahanati yetu sababu yake ni nini. Akanijibu kwa swali: "Jana mlikula nini nyumbani?" Nikasema ugali na maharage. "Juzi?" Viazi. "Mtondo wa juzi?" Ugali, kwa maharage yaliyobaki. "Na mdogo wenu wa kike, yule wa miaka minne, alipokuwa na mwaka mmoja alikula nini?" Hapo nikanyamaza. Nilijua alikula uji wa mahindi matupu, mwepesi kama maji ya kunawa, tena umepoa, kwa sababu mama yake alikuwa shambani kwenye viazi tangu alfajiri, na mimi ofisini. Aliyemlisha alikuwa kaka yake wa miaka minane. Akafungua kadi ya kliniki, akanionyesha mstari na nukta zilizo chini yake. Mwanangu alikuwa amedumaa, naye amekwisha kupita ile miaka miwili ya mwanzo. Muuguzi hakunificha: kimo kilichopotea siku zile ni vigumu mno kukirudisha. Akaongeza ya kuwa mke wangu ana mimba ya miezi mitatu, na huyo aliye tumboni bado ana siku zake zote.

Nikaenda nyumbani nikiwa na shauri moja. Tutalima bustani ya mboga nyuma ya jiko, sisi na watoto.

Nataka niwaambieni jinsi ilivyokufa bustani ya kwanza, maana naona wengi wanaianza kwa njia hiyo hiyo. Mimi nilisoma chuo cha ualimu, na huko tulifundishwa kuandika andalio la somo. Basi nikaandika andalio la bustani. Jumatatu, mtoto mkubwa kuchota maji ndoo nne. Jumanne, wa pili kupalilia. Atakayechelewa, matuta mawili ya ziada. Baada ya wiki tatu watoto wakawa wanaugua tumbo kila jioni saa kumi, kuku wa jirani wakaingia wakala miche, wala hakuna aliyewafukuza. Mke wangu alinitazama tu. Mwisho akasema, "Baba, umewapa jembe kama fimbo."

Neno hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli kwa wengi wetu. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule ziwe pia mashamba, na wanafunzi washiriki kuamua habari ya shamba lao na matunda yake. Shabaha ilikuwa njema. Lakini mimi, miaka mingi baadaye, katika shule niliyosoma nilililijua jembe kama adhabu. Ukichelewa, shamba. Ukiongea Kibena darasani, shamba. Mboga tulizolima hatukuzionja hata mara moja. Mtu aliyelelewa hivyo humkabidhi mtoto wake jembe lile lile na maana ile ile.

Mara ya pili tulibadili jambo moja tu: kila mtoto alipewa tuta lake, akachagua mwenyewe cha kupanda, na chakula cha tuta lile kikawa chake kugawa mezani. Mkubwa alichagua sukuma wiki. Wa pili, binti, akachagua chainizi kwa sababu aliona kwa shangazi yake. Yule mdogo nilimpa njegere, na jambo hili nawashauri wenye watoto wadogo. Punje ya njegere ni kubwa, vidole vidogo vinaishika bila kuipoteza. Mtoto achome kitundu kwa kijiti, mwisho wa kidole chake, atie punje moja, afukie. Baada ya siku kumi hivi, au wiki mbili kukiwa na baridi, ataona shingo la kijani limechomoza. Tena haina haja ya kupikwa. Mtoto hupasua ganda akala akiwa amesimama pale pale bustanini. Karoti ni kwa mtoto mwenye subira, maana huchelewa kuota, hata wiki tatu, na haitaki kuhamishwa kitaluni. Hupandwa hapo hapo, kisha hupunguzwa ili kila moja ipate nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ninyi mnajua watoto: hawataki kung'oa hata kimoja walichokipanda. Mwacheni asipunguze mwaka wa kwanza, avune nyuzi, mwaka wa pili atapunguza bila kuambiwa.

Habari ya mahali. Wazee wetu Wabena walilima vinyungu, yaani bustani za mabondeni wakati wa kiangazi, palipo na unyevu. Babu yangu alikuwa na kinyungu kando ya kijito, na nilitaka kurudi pale pale. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kufanya shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Wazee wengine wanaikasirikia sheria hii, nami siwezi kuwalaumu, kwani kinyungu kiliwalisha wakati ghala ni tupu. Hata hivyo vijito tulivyoogelea utotoni leo vingine twavivuka kwa viatu vikavu. Nikapima hatua, nikaona kinyungu cha babu kimo ndani kabisa ya zile mita 60, nikakiacha kiote majani.

Kumbe kuhamia nyuma ya jiko kulikuwa na faida ambayo sikuitazamia. Ninyi mkaao Njombe mnaijua Juni na Julai yetu: mtu anaamka asubuhi akuta majani yamevaa sakitu nyeupe, na mchana maharage na majani ya maboga yamekuwa meusi kama yaliyobabuliwa na moto. Hewa ya baridi ni nzito, hutiririka usiku kama maji ikajaa mabondeni. Kwa hiyo kinyungu hupigwa na sakitu kabla ya bustani iliyo juu kidogo kwenye mteremko. Sukuma wiki, kabichi, karoti na vitunguu huvumilia. Njegere pia huvumilia ikiwa changa, lakini maua yake yakikutwa na sakitu hayafungi, kwa hiyo yafaa kuhesabu siku za kupanda. Miche ya kitaluni hujengewa kichanja kifupi, ikafunikwa kwa nyasi kavu jioni na kufunuliwa jua likitoka. Hiyo imekuwa kazi ya binti yangu wa pili. Huifanya akiwa amejifunika shuka, akiwasemesha miche kama anayelaza watoto.

Maji tunatumia yale yaliyooshea mboga na kusuuzia vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, na ndoo mbili za jioni. Mbolea ni samadi iliyooza vizuri, si mbichi, maana mbichi huunguza mizizi. Sota hukata miche usiku kama kwa wembe. Hatuwapigi dawa. Asubuhi watoto hufukua kwa kijiti kando ya mche uliokatwa, wakamkuta amejikunja, wakampeleka kwa kuku. Wanashindana kuhesabu.

Na hapo niseme neno juu ya dawa. Mashamba ya viazi hupigwa dawa ya ukungu mara nyingi wakati wa mvua. Nimeona kwa macho mtoto akimshikia baba bomba la dawa, na chupa tupu ya dawa ikifanywa ya kubebea maji ya kunywa. Hapana, ndugu zangu. Mtoto asikaribie shamba linalopigwa dawa, chupa ile isirudi nyumbani, na bustani ya watoto isikae ukingoni mwa viazi ambako upepo hupeleka kila kitu. Vilevile mtoto si trekta. Kwetu kazi ya bustani ni nusu saa, baada ya shule na baada ya kula kitu. Siku ya mtihani haiko kabisa.

Dada yangu ameolewa Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Njombe mjini. Kiwanja chao ni kidogo, na upepo wa Makambako mnaujua, hukausha nguo na udongo kwa wakati mmoja. Aliposikia habari zetu akacheka, "Kaka, mimi nitalima wapi, juu ya bati?" Tulimtengenezea bustani ya gunia. Chukua gunia, jaza udongo uliochanganywa na samadi, katikati simamisha nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu ili maji yafike kila upande, kisha toboa matundu ubavuni na kupandikiza miche. Magunia yake matatu yapo nyuma ya ukuta, upepo haufiki. Mwanawe ambaye alikuwa hali mboga hata kwa viboko, sasa anachuma jani la sukuma na kumletea mama yake akisema, "Hili limekomaa." Sisemi kila mtoto atabadilika hivyo. Nimeona tu ya kuwa mtoto hukataa mboga ya mama, lakini ya kwake huionea fahari.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuja bustani iliponawiri. Mkubwa wangu, kijana wa miaka kumi na miwili wakati ule, alijua ya kuwa fungu la sukuma linauzika. Jumamosi moja akachuma tuta lote, juu na chini, akapeleka sokoni, akarudi na shilingi mkononi na uso unang'aa. Nilitaka kumchapa. Kisha nikajiuliza, amejifunza wapi? Si mimi niliyeuza viazi vyote kila mwaka nikabakiza vidogo vya chini, na mayai ya kuku nikanunulia soda? Mtoto alifanya lile alilomwona baba yake akilifanya.

Tukakaa chini wote, na mama yao, tukatunga amri moja ya nyumba: chungu kwanza, soko baadaye. Kila siku, kabla ya jani lolote kutoka nje ya ua, linachumwa la chungu, na katika hilo la chungu linatengwa kwanza la mdogo kuliko wote. Kinachozidi kinauzwa, na fedha ni ya mwenye tuta. Amri hiyo ilinifunga na mimi. Sasa maharage magunia mawili hayatoki nyumbani hata bei ikipanda namna gani, na mayai ni ya mama mwenye mimba, ya anayenyonyesha, na ya watoto. Kusema kweli mwaka wa kwanza niliumia, kwa sababu bei ilipanda hasa.

Maana bustani peke yake haimkuzi mtoto kama chakula hakifiki kinywani mwake. Mtoto wetu wa nne alizaliwa. Alinyonya tu, bila maji wala uji, hata akatimiza miezi sita. Baada ya hapo tukamwanzishia chakula huku akiendelea kunyonya. Uji wake ni mzito, ukiinua kijiko haumwagiki upesi. Viazi vinapondwa pamoja na maharage yaliyomenywa ganda, mboga za majani zimekatwa ndogo sana na kupikwa muda mfupi, na mafuta kidogo ya alizeti au kipande cha parachichi, maana mafuta husaidia mwili kuipokea vitamini A iliyo katika mboga na karoti. Mboga tunaziosha kabla ya kukata, si baada, zisipoteze nguvu yake majini. Alipokuwa wa miezi sita alikula mara mbili au tatu kwa siku, na tangu miezi tisa mara tatu hadi nne. Tena ana bakuli lake. Zamani tulikula wote katika sinia moja, na katika sinia mwenye mkono mrefu ndiye anayeshiba.

Baba wenzangu watauliza, nani alimlisha, kama mama yuko shambani? Ndilo swali gumu kuliko yote, na bustani haikulijibu. Tulilijibu kwa kupunguza nusu eka ya viazi ili mama arudi saa tano, na mimi kuchukua zamu ya jioni. Yupo mzee mmoja alinikuta nimempakata mtoto namlisha, akaniambia, "Kamwene, mama." Nikamwitikia, nikaendelea.

Mwezi uliopita tulikwenda kliniki. Muuguzi akamlaza mtoto juu ya ubao wa kupimia urefu, mke wangu akamshika miguu, mimi nikasimama mlangoni kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Akaweka nukta. Nukta ilikaa juu ya mstari wake. Ana mwaka mmoja na miezi miwili, na siku zilizobaki hadi miaka miwili ni nyingi. Mvua zitakuja na kuhara kwake, na viazi vitatuita tena shambani.

Yule dada yake wa njegere, ambaye sasa ana miaka sita, alikuwa pamoja nasi. Naye akataka kupimwa. Muuguzi akamsimamisha ukutani, akaandika. Njiani akaniuliza, "Baba, mbona mimi ni mfupi kuliko wenzangu wa darasani?" Nilimwambia kweli, ya kuwa alipokuwa mdogo hatukumlisha ilivyofaa kwa sababu hatukujua. Akatembea kimya hadi kwenye daraja. Kisha akasema mwaka huu anataka matuta mawili, la pili apande karoti, na moja katika kila karoti tano iwe ya mdogo wake. Tuta la pili tulililima Jumamosi hiyo hiyo.